Mdakaji Asiyepewa Ishara

Kila Jumanne na Alhamisi jioni nina mzee wangu mmoja ninayemhudumia nyumbani kwake, hapa Ohio. Kazi ni ile ile tunayoifanya wengi wetu tuliokuja huku: dawa kwa saa, chakula laini, kubadilisha shuka, kumshika mkono akielekea msalani. Ana miaka themanini na kitu. Mkewe alishatangulia. Akili iko timamu, miguu ndiyo imemgomea, na kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi hataki mtu aguse rimoti, maana timu ya Cleveland inacheza.

Nilikaa miezi natazama besiboli bila kuambulia kitu. Wanaume wamesimama, wanatema mate, wanajikuna, mmoja anarusha mpira, mwingine anapunga gongo hewani anakosa (gongo la mbao, si lile la kunywa), halafu wote wanasimama tena. Mimi niliyekulia Tanga na redio ya Simba na Yanga nilikuwa najiuliza huu ni mchezo au ni foleni ya benki. Siku moja nikamuuliza mzee: yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kajifunga mabamba mwili mzima kama kasa, kazi yake nini hasa.

Mzee akaacha kutafuna. Akaninyanyulia mkono wake wa kulia karibu kabisa na uso. Kidole cha shahada kimepinda kwenye kiungo cha juu kikaelekea nje, kama mtu anayeonyesha njia ya uchochoro. Cha kati kimevimba fundo. Cha pete hakinyooki. Nilikuwa nimeuosha mkono ule mara nyingi, nikidhani ni baridi yabisi tu. Kumbe alikuwa mdakaji, shuleni, enzi za ujana wake, na kila kidole kina mechi yake.

Kisha akauteremsha mkono katikati ya mapaja, chini ya blanketi, akanifundisha. Kidole kimoja: nirushie mpira wa kasi. Viwili: nirushie wa kupinda. Mrushaji anaona, anaitikia kwa kichwa au anakataa, ndipo anarusha. Mpigaji hajui, mdakaji anajua. Huo ndio mchezo wenyewe, akasema, mengine yote ni kukimbia. Mdakaji akitegemea mpira uliopinda halafu ukaja ulionyooka, anaupokea kwa ncha za vidole badala ya kiganja. Akanionyesha tena kile cha shahada.

Kwetu tulicheza rede. Mpira wa soksi na matambara, warushaji wawili, wewe katikati unakwepa huku unajaza chupa mchanga. Ulikuwa ukikupata mgongoni unacheka. Huu wa kwao niliushika mara ya kwanza juu ya kabati lake: gramu kama 140 hivi, ngozi imeshonwa kwa uzi mwekundu juu ya nyuzi zilizokazwa, mgumu kama embe bichi. Nikaugonga kiganjani taratibu tu, nikaurudisha mahali pake.

Jioni nyingine akanisimulia habari za Jackie Robinson, mchezaji wa kwanza mweusi kwenye ligi kuu, Aprili 1947, na Larry Doby aliyeingia Cleveland Julai ya mwaka uleule, wakati yeye mzee akiwa mtoto wa miaka tisa. Anamkumbuka Doby vizuri, anamtaja kama sisi tunavyowataja mashujaa wa redioni. Nikarudi nyumbani na simu yangu, kusoma tu ili Alhamisi niwe na la kuchangia. Ndipo nikamkuta mtu ambaye mzee wangu, shabiki wa Ohio tangu tumboni, hakuwahi kumsikia. Alikuwa mtu wa Ohio, mweusi, aliyecheza ligi kuu mwaka 1884, miaka 63 kabla ya Robinson. Na alikuwa mdakaji.

Jina lake Moses Fleetwood Walker. Wenzake walimwita Fleet.

Alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1856 huko Mount Pleasant, mashariki ya Ohio, kijiji cha Waquaker, Wakristo waliopinga utumwa, ambacho watumwa waliotoroka kusini walikuwa wakipitishwa usiku kwenda kaskazini. Baba yake alikuwa tabibu na mchungaji, baadaye akahamishia familia mji wa Steubenville, kando ya Mto Ohio. Kwa hiyo tusimfikirie kama kijana aliyeokotwa shambani. Alikwenda Chuo cha Oberlin, kilichokuwa kikipokea wanafunzi weusi tangu 1835, jambo ambalo vyuo vingi vya Marekani vilikuwa havitaki hata kulisikia. Mwaka 1881 Oberlin wakaunda timu yao ya kwanza ya kucheza na vyuo vingine, yeye akiwa mdakaji, na mdogo wake Weldy naye akiwemo. Waliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, na Michigan wakamtamani. Akahamia huko kusoma sheria na kudaka. Sheria hakuimaliza.

Kiangazi cha 1881 timu moja ya Cleveland, iliyodhaminiwa na kampuni ya cherehani ya White, ilimlipa aende nayo Louisville, Kentucky. Asubuhi hotelini akanyimwa chai. Mchana, timu ya wenyeji ikasema haichezi kama mweusi yumo. Cleveland wakamweka benchi, wakampanga mwingine adake. Yule mwingine aliishia raundi ya kwanza tu: mikono ilimuumia, akasema haendelei. Hapo watazamaji wenyewe, watu wa Louisville, wakaanza kupiga kelele wakimtaka Walker. Akashuka uwanjani, akavua koti, akaanza kupasha, anadaka na kurusha, watu wanashangilia. Baadhi ya wachezaji wa Louisville wakaondoka uwanjani. Mwishowe mchezaji mwingine wa Cleveland akajitolea kudaka, na Walker akarudi kukaa.

Tukio hili nimelirudia mara nyingi kichwani kuliko yale makubwa yanayotajwa zaidi. Tumezoea kuambiwa kwamba umma ndio uliokuwa hautaki, kwamba wenye timu walilazimika kufuata wateja wao. Siku ile, katika jimbo lililokuwa la watumwa mpaka miaka kumi na sita tu nyuma, wateja walimtaka. Waliokataa ni wenzake wa kazi.

Mwaka 1883 akajiunga na Toledo, tena Ohio hiyohiyo, kwenye ligi ya Kaskazini Magharibi. Kabla hata msimu haujaanza, klabu ya Peoria ilipeleka hoja kwamba wachezaji weusi wapigwe marufuku. Hoja ikakataliwa. Toledo wakaja kuwa mabingwa. Mwaka uliofuata klabu ikapandishwa kwenye American Association, ambayo wakati ule ilikuwa mojawapo ya ligi kuu, na hivyo tarehe 1 Mei 1884 Walker akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Na ratiba nayo, kama ina roho mbaya, ilimpeleka wapi? Louisville. Klabu ileile. Akacheza vibaya mno: hakupata hata pigo moja, akafanya makosa manne, Toledo wakafungwa 5 kwa 1.

Ili uelewe makosa yale, mtazame alivyosimama. Leo mrushaji yuko mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji. Wakati ule alikuwa mita 15 tu. Leo mdakaji ana glovu nene kama mto wa kulalia, kofia ngumu, bamba la kifua, ngao za miguu. Walker alikuwa na barakoa ya waya siku nyingine, na mikononi, akivaa kitu, ni glovu nyembamba za ngozi ya kondoo, za kawaida kabisa, kama za mtu anayeendesha farasi. Siku nyingine mikono mitupu. Wadakaji wa enzi zile walilazimika kupumzika mara kwa mara, mikono ikiwa imevimba kama maandazi. Yeye mwenyewe Julai ya mwaka ule alivunjwa ubavu na mpira uliochepuka kwenye gongo.

Na zaidi ya yote, alikuwa anadaka bila ishara.

Mrushaji bora wa Toledo alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Cork, Ireland, mtanashati, aliyeweza kurusha kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Mwaka ule wa 1884 alishinda mechi 36. Miaka mingi baadaye, mwaka 1919, akiwa mzee, alimweleza mwandishi wa gazeti kwamba Walker ndiye mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya naye kazi. Lakini hakuwapenda watu weusi, akasema, na kwa hiyo kila alipokuwa anamrushia Walker alirusha alichotaka bila kuangalia ishara zake. Siku moja Walker aliomba wa kupinda, Mullane akarusha wa kasi. Walker akaudaka, akamfuata mpaka alipo, akamwambia kwamba atamdakia bila ishara, lakini hatakubali aombe hiki aletewe kile. Na ikawa hivyo. Msimu mzima uliobaki Walker alikuwa anachuchumaa mita 15 mbele ya mmoja wa warushaji wakali wa nchi nzima, hajui kinachokuja ni kipi, anadaka.

Mullane aliyasema hayo bila kujuta, kama mtu anayesimulia kituko cha ujana. Kinachonikera ni kwamba ndani ya sentensi moja aliweza kutamka kuwa yule mtu ni bora kuliko wote na kuwa alimtesa, na vitu viwili hivyo havikugongana kichwani mwake hata kidogo. Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo. Wanakusifu mbele ya bosi, halafu zamu ikibadilika hawakuelezi mgonjwa kalalaje.

Msimu ulipoisha Walker alikuwa amecheza mechi 42 na kupata pigo mara 263 kwa kila elfu, kama wanavyohesabu wao, kiwango kilicho juu ya wastani wa ligi ile, tena kwa mdakaji, mtu ambaye siku hizo hata akishindwa kupiga hakuna anayemlaumu. Mdogo wake Weldy alicheza mechi tano kiangazi kile. Mwezi wa tisa, timu ikijiandaa kwenda Richmond, Virginia, meneja Charlie Morton akapokea barua inayosema wanaume sabini na watano wameapa kumshambulia Walker akionekana uwanjani na sare. Wakatia saini majina ya uongo. Hawakuhitaji kutimiza kiapo: Walker alikuwa majeruhi, hakwenda, na kabla mwezi haujaisha akaachwa. Toledo nayo ikaporomoka ikatoka kwenye ligi. Mweusi mwingine anayejulikana kwa weusi wake hakuonekana ligi kuu mpaka 1947.

Nasema anayejulikana kwa sababu ubishi upo. Mwaka 1879 kijana aliyeitwa William Edward White alicheza mechi moja, moja tu, na klabu ya Providence. Mama yake alikuwa mtumwa, baba yake ndiye aliyekuwa akimmiliki mama huyo. White aliishi kama mzungu na hakuna uwanjani aliyemtambua vingine. Kwa hiyo kwa damu yeye ndiye wa kwanza, wanasema watafiti. Mimi kwa maoni yangu swali la nani wa kwanza linawafaa watengeneza mabango. Walker alikuwa wa kwanza kusimama pale watu wote wakijua yeye ni nani, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu.

Sasa tufike kwa Cap Anson, maana huwezi kumtaja Walker bila yeye. Anson alikuwa nahodha wa Chicago, nyota mkubwa kuliko wote wa karne ile. Tarehe 10 Agosti 1883 Chicago walikuja Toledo kwa mechi ya kirafiki. Anson akatangaza kwamba timu yake haichezi na mweusi. Cha kuchekesha ni kwamba Walker siku ile hakupangwa kabisa. Mikono ilikuwa inamuuma, alikuwa apumzike. Morton aliposikia vile akampanga makusudi, akamweka upande wa kulia wa uwanja, mbali na mpigaji, ambako mikono haisumbuliwi sana, akamwambia Anson achague: acheze, au aondoke bila mgawo wake wa kiingilio. Anson akacheza. Chicago wakashinda 7 kwa 6 baada ya raundi ya ziada, na inasemekana alikuwa anafoka mpaka mwisho.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda upande wa Morton. Miaka minne baadaye upepo ulishageuka. Mwaka 1887 Walker alikuwa Newark, kwenye Ligi ya Kimataifa, ngazi moja chini ya ligi kuu, akimdakia mrushaji mweusi George Stovey, mkono wa kushoto, aliyeshinda mechi zaidi ya thelathini msimu ule. Weusi wawili, mmoja anarusha, mwingine anadaka, na bila shaka ishara zilikuwa zinatazamwa. Tarehe 14 Julai Chicago wakaja Newark kwa mechi ya kirafiki. Anson akakataa tena. Safari hii Newark hawakumwambia kuhusu kiingilio. Ikasemekana Stovey anaumwa, Walker akakaa nje, mechi ikachezwa.

Siku hiyohiyo, huko Buffalo, wenye klabu za ligi ile walikuwa wamekaa kikao. Wakapiga kura, sita kwa nne: kuanzia sasa mikataba mipya na wachezaji weusi isiidhinishwe. Waliokwisha kusaini wabaki mpaka mikataba iishe. Hawakutunga sheria ya nchi, hakuna polisi aliyetumwa. Ni wanaume kumi na karani.

Siku hizi lawama zote anabebeshwa Anson, na anastahili sehemu yake kubwa. Ila naona wengine wamejificha nyuma ya mgongo wake mpana. Yeye alikuwa na mdomo. Kura zilipigwa na watu ambao wengi wao hawakumtukana mtu yeyote, waliangalia daftari la mapato, wakaona usumbufu unazidi faida. Mwaka uliofuata Weldy, aliyekuwa na kalamu kali kuliko kaka yake, aliandika barua ya wazi kwenye gazeti la michezo la Sporting Life, kwa rais wa ligi nyingine iliyokuwa imefuta ruhusa ya kusajili weusi. Aliuliza, kwa adabu ya kuchoma, kwa nini mtu azuiwe kwa rangi badala ya kuzuiwa kwa uwezo, tabia au akili, na akauliza pia kama pesa ya mtazamaji mweusi mlangoni nayo wataikataa.

Fleet aliendelea mpaka 1889 huko Syracuse, New York, alikochukua ubingwa wa 1888. Alipoachwa Agosti ile akawa mweusi wa mwisho katika Ligi ya Kimataifa. Aliyemfuata ligi ileile ni Jackie Robinson, akiwa na Montreal, mwaka 1946. Miaka hamsini na saba. Ndani ya hiyo miaka weusi walijenga ligi zao wenyewe, na wako waliozaliwa, wakacheza, wakafa humo bila kuuona mlango. Josh Gibson, mdakaji, alikufa Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kushuka uwanjani Brooklyn. Mwaka 2024 rekodi za ligi zile zilipoingizwa rasmi kwenye vitabu vya ligi kuu, Gibson akakaa juu ya wote kwa wastani wa mapigo, 372 kwa elfu.

Wasimulizi wengi humwachia Walker hapa, akiwa shujaa aliyedhulumiwa, picha ya rangi ya kahawia, masharubu. Mimi hapa ndipo nilipoanza kumpenda, kwa sababu hapa anaharibika.

Aprili 1891, Syracuse, akitembea mtaani alikutana na kundi la wazungu. Maneno yakazidi, akapigwa jiwe kichwani, akachomoa kisu cha mfukoni. Mmoja wao, Patrick Murray, akafa. Walker alishtakiwa kwa kuua. Mwezi wa sita baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likamwachia huru, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Louisville tena, kwa namna nyingine: watu wa kawaida wakimshangilia. Mwaka huohuo alisajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kombora la mizinga. Akarudi Steubenville, akapata kazi ya karani wa posta kwenye treni. Mkewe Arabella, aliyesoma naye Oberlin na kumzalia watoto watatu, akafariki kwa saratani mwaka 1895. Mwaka 1898 akashtakiwa kwa kuiba fedha kwenye barua, akahukumiwa, akafungwa mwaka mmoja. Sitamtetea. Barua zile huenda zilikuwa na pesa za watu kama sisi, za kutuma nyumbani.

Halafu mwaka 1908 akachapisha kijitabu, kurasa zisizozidi hamsini, *Our Home Colony*. Nilikisoma mezani jikoni kwangu usiku mmoja baada ya zamu, viatu vya kazi bado miguuni. Hoja yake ni kwamba mweusi hatapata haki Marekani, leo wala kesho, na dawa ni moja tu: wote wahame, warudi Afrika.

Nilikaa kimya muda. Mtu huyu wa Steubenville, mwana wa tabibu, msomi wa Oberlin na Michigan, alitaka watu wake wote waje nilikotoka, na mimi nimepita foleni ya ubalozi, nimelipa ada, nimesali, ili nije alikotaka watoke. Nikamwambia kwa sauti, maana ninaishi peke yangu: ungefikia wapi, kaka? Mwaka 1908 Tanga ilikuwa ya Mjerumani. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanapandwa kwa viboko. Vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vimezimwa kusini, watu wanakufa njaa kwa maelfu. Ukiacha Liberia na Uhabeshi, karibu bara lote lilikuwa limeshagawanywa mezani na wanaume wachache na makarani wao. Angeshuka meli angekutana na kura ileile ya Buffalo, ila hii imekuja na mizinga.

Hata hivyo sikumcheka. Kijitabu kina mambo ambayo leo yanaumiza kusoma, hasa anavyozungumzia ndoa za rangi mbili na hatima ya watu wake, lakini ukikisoma ukijua habari za Mullane unasikia mtu aliyechoka kubahatisha. Mwaka mmoja anashangiliwa, mwaka wa pili barua ya watu sabini na watano. Baraza la wazungu linamwachia huru, kikao cha wazungu kinamfungia kazi. Hapati ishara. Angalau kuondoka ni uamuzi unaojua wewe mwenyewe umeuagiza.

Hakuondoka. Alifungua, na mke wake wa pili Ednah, ukumbi wa maonyesho katika mji mdogo wa Cadiz, Ohio, akileta michezo ya jukwaani na baadaye filamu. Na huko, akiwa mzee wa miaka sitini na zaidi, alisajili hataza nyingine mwaka 1920, za mitambo ya sinema. Enzi hizo filamu iliviringishwa kwenye magurudumu, na mwendesha mashine akisinzia gurudumu linaisha, ukumbi unabaki na mwanga mtupu na miluzi. Mojawapo ya hataza zake ni ya kengele inayomwonya mwendeshaji kwamba filamu inakaribia kuisha. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Yule mtu hatimaye aliketi akatengeneza ishara.

Ednah alikufa mwaka huohuo. Walker akahamia Cleveland, akafa kwa nimonia tarehe 11 Mei 1924, akiwa na miaka 67. Wakamzika Steubenville bila jiwe la kaburi. Jiwe lilikuja mwaka 1990, na walioliweka ni watu wa chuo chake cha Oberlin. Mwaka 2017 jimbo la Ohio likatangaza tarehe 7 Oktoba kuwa siku yake. Anson yuko kwenye Jumba la Heshima la besiboli, Cooperstown, tangu 1939. Walker hayumo.

Hayo yote nilimsimulia mzee wangu Alhamisi, kwa Kiingereza changu cha kuchagua maneno. Akapunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mechi ikiendelea. Kwenye habari za Richmond alitikisa kichwa. Kwenye kura ya Buffalo alitazama dirishani. Sikujua anawaza nini, na si kazi yangu kumuuliza. Lakini nilipofika kwa Mullane alikasirika waziwazi, uso ukamwiva.

"Bila ishara? Msimu mzima?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na glovu gani?"

Ya ngozi ya kondoo, nyembamba, nikasema, na siku nyingine hamna.

Akautoa mkono wake chini ya blanketi akautazama, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua kitu kabla ya kukinunua. Hakusema kitu mpaka raundi ile ikaisha. Halafu akaniambia nimwandikie lile jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, amsomee mwanawe akipiga simu Jumapili.

Saa mbili usiku ilikuwa saa ya dawa. Akanyoosha kiganja, nikamwekea vidonge viwili. Akakifunga, ila vile vidole havifungi sawasawa, kidonge kimoja kikaponyoka kikadunda kwenye mkono wa kiti na kuangukia zuliani. Nikapiga magoti kukitafuta.

"Hicho," akasema kutoka juu, "hukunionyesha vidole vingapi."